Nani Aliyekimbia?

Mwalimu mmoja mwenzetu afundishaye Kiswahili Dzaleka aliwapa wanafunzi wake insha fupi. Kichwa cha insha kilikuwa neno moja tu: "Mimi". Alipoyakusanya madaftari na kuyasoma usiku, aliona kwamba wengi wao walikuwa wameanza kwa sentensi ile ile, kana kwamba wamenakiliana: "Mimi ni mkimbizi." Hao hawakuanza kwa majina waliyopewa na wazazi wao, wala kwa kusema kwamba wao ni vifungua mimba, au walinda mlango wa timu, au wapenzi wa hesabu. Na wengi wa watoto hao, wasomaji watukufu, walizaliwa papo hapo katika wilaya ya Dowa. Hawajakimbia kutoka popote. Mbio walizopata kuzipiga maishani mwao ni za kuwahi foleni ya maji na za kuufukuza mpira.

Basi sisi twauliza: ni nani aliyewafundisha sentensi hiyo? Jibu jepesi lipo tayari. Wako watakaosema ni serikali, wako watakaosema ni mashirika ya misaada, na wako watakaosema ni watu wa mjini Lilongwe. Majibu yote hayo yana ukweli ndani yake, nasi tutayagusa. Lakini sentensi iliandikwa kwa Kiswahili, katika kipindi cha Kiswahili, ikasahihishwa kwa kalamu nyekundu ya mwalimu wa Kiswahili, naye akaipa alama kwa kuwa haina kosa la sarufi. Hapana budi basi tuanze kujihoji wenyewe. Dai letu ni hili: jina la jumla likirudiwa vya kutosha humwingia mtu hata akadhani ndilo yeye, na sisi walimu tumo miongoni mwa wanaolirudia.

Tulitazame kwanza neno lenyewe, kwani hiyo ndiyo kazi yetu. Mkimbizi latokana na kitenzi kukimbia. Mwenye kukimbia leo uwanjani twamwita mkimbiaji. Mbio zikiisha, hukaa kitako akanywa maji, na jina likabaki uwanjani. Lakini kiumbo chenye kiishio -i, kama tukionavyo katika mwizi, mlevi na mpishi, aghalabu humtaja mtu ambaye tendo limekwisha kuwa hali yake, tabia yake au kazi yake. Achemshaye chai mara moja hawi mpishi. Sasa mtoto wa Dowa anapewa hali ya kudumu itokanayo na tendo ambalo hakulitenda hata mara moja. Aliyekimbia ni baba yake, au nyanya yake, kwa sababu zilizokuwa za haki kabisa. Mtoto amerithi mbio bila ya kurithi safari.

Tena mahali penyewe pana jina lake. Dzaleka ilikuwa gereza la wafungwa wa siasa katika utawala wa Kamuzu Banda, uliokoma mwaka 1994. Kwa Kichewa jina hilo hufasiriwa kuwa ni kauli ya mtu anayetubu: nitaacha, sitarudia tena. Mwaka huo huo wa 1994 pakafanywa kambi ya wakimbizi, na jina likabaki. Kambi ilikusudiwa watu baina ya 10,000 na 12,000. Leo imepita 50,000, walio wengi wakiwa wametoka Kongo, na baada yao Burundi na Rwanda. Kwa hiyo mtoto wetu akiulizwa yeye ni nani, hujibu kwa mbio za babaye. Akiulizwa anakaa wapi, hujibu kwa toba ya wafungwa. Mtu mzima aweza kuyacheka hayo. Mtoto wa miaka tisa hana kicheko cha namna hiyo; yeye huamini aambiwayo.

Mwaka 1922 mwandishi wa Kimarekani Walter Lippmann, katika kitabu chake juu ya maoni ya umma, alichukua neno kutoka kwa wapiga chapa. Hao walikuwa na desturi ya kuyeyusha madini na kuyamimina hata wakapata bamba la ukurasa mzima, ili ukurasa ule ule upigwe mara elfu bila ya kupanga herufi upya. Lippmann alisema kwamba vichwa vyetu navyo vina mabamba kama hayo. Hatumtazami mtu aliyesimama mbele yetu. Twachukua bamba lililo tayari, twalipaka wino, twampiga nalo. Kwa Kiswahili twaweza kuiita hali hiyo fikra mgando, maana ni fikra iliyokuwa maji ikaganda.

Dzaleka iko kilomita zaidi ya 40 kutoka Lilongwe, na bamba la Lilongwe latujulikana sote: "Maburundi". Muuza vitenge wa Bukavu ni Burundi, fundi wa Butare ni Burundi, mwalimu wa Kalemie ni Burundi, na Mrundi mwenyewe wa Gitega, ambaye jina ni lake kwa haki, hulisikia likitamkwa kama tusi. Na tazameni yaliyochorwa juu ya bamba hilo. Upande mmoja pameandikwa: watu hawa ni wavivu, wanakaa kambini wakingoja chakula cha bure. Upande wa pili pameandikwa: watu hawa ni wajanja mno, wamemeza biashara zote za mitaani. Mtu hawezi kuwa mvivu na papo hapo akawa amewashinda wote kwa kuuza. Lakini fikra mgando haioni haya kujipinga yenyewe, kwani haikuzaliwa na ushahidi wala haifi kwa ushahidi.

Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, jambo ililolifanya mwaka 1987, iliweka masharti yake juu ya vifungu kadhaa, vikiwamo vya ajira, elimu ya umma na uhuru wa kwenda mtu atakako. Maana yake ni kwamba asiyekuwa na kibali hatakiwi kuishi wala kufanya kazi nje ya kambi. Akitii, huitwa mvivu. Akivunja, akaenda Lilongwe kufungua kibanda, huitwa mnyang'anyi wa riziki. Mwezi Machi 2023 serikali iliwaagiza wakimbizi walioko mijini na vijijini warudi Dzaleka; mwezi Mei mwaka huo huo askari wakaanza kuwakusanya watu mjini, watoto wakiwamo, na maduka yakafungwa. Sisi si wanasheria, wala ukurasa huu si mahakama. Twasema tu kwamba sheria hupata urahisi mkubwa wa kumgusa mtu ambaye tayari amekwisha kufutwa uso kwa jina la jumla.

Tusije tukafahamika vibaya. Hatuandiki haya kuwatukana Wamalawi, maana hapo tungekuwa tumeokota bamba lingine. Nchi hii, ambayo haina mali nyingi, iliwapokea watu wapatao milioni moja kutoka Msumbiji wakati wa vita vya huko, mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990. Tena Mmalawi mwenyewe ameonja uchungu huu. Babu zake walipokwenda kufanya kazi katika mashamba na migodi ya Zimbabwe waliitwa "Mabhurandaya", yaani watu wa Blantyre, hata kama hawakupata kuiona Blantyre kwa macho yao. Na walioko Afrika Kusini walijikuta miongoni mwa wageni walioshambuliwa mwaka 2008, na tena mwaka 2015. Kule pia ilisemwa kwamba wamechukua kazi za watu. Mtu aliyewahi kuitwa Mabhurandaya ndiye angefaa kuwa wa kwanza kulikataa neno Maburundi. Twaamini kwamba akikumbushwa kwa heshima, hukumbuka.

Sasa tuyageukie makosa yetu wenyewe, maana nyani haoni kundule.

Mtoto aliyetoka Kivu huingia darasani akasema: "Batoto biko banacheza." Darasa zima hucheka. Na mwalimu, badala ya kufundisha, husema: "Hicho si Kiswahili, hicho ni Kikongo chenu kibovu." Ametumia sentensi moja, na katika sentensi hiyo ameiita lugha ya mama wa mtoto kuwa uozo. Je, mwalimu huyo amesahau kwamba ba- ni kiambishi cha watu katika lugha nyingi za Kibantu, na kwamba ndugu yake aba- yumo katika Kirundi na Kinyarwanda? Mtoto hakukosa akili. Alifuata kanuni, ila kanuni ya kwao. Au Mrundi husema "kurara" akikusudia kulala, naye huchekwa na Mmalawi aketiye jirani, na hali Kichewa nacho hakizitengi sauti hizo mbili kama Kiswahili kizitengavyo. Kila mmoja anacheka kidonda ambacho yeye pia anacho.

Wala tusisahau Kiswahili sanifu kilivyopatikana. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Unguja iwe msingi, na watu wa Kimvita, wenye ushairi wa karne nyingi, wakaambiwa kwamba lahaja yao siyo itakayotumiwa shuleni. Kamati ya Lugha ya mwaka 1930 ilikuwa ya nchi nne: Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja. Kongo haikuwamo katika kikao hicho. Yaani mtoto wa Bukavu anaadhibiwa kwa kutofuata mapatano ambayo kwao hawakualikwa. Twakifundisha Kiswahili sanifu, nasi tutaendelea kukifundisha kwa bidii, kwa sababu kina faida: chasomwa Zanzibar na chasomwa Goma, na tangu mwaka 2019 ni miongoni mwa lugha rasmi za Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, ambayo Malawi ni mwanachama wake. Lakini usanifu ni mapatano. Si utukufu wa damu. Tena lugha hii hii ndiyo iliyowaita watu wa bara "washenzi" kwa muda mrefu, nao ni mababu wa hao Wakongo na hao Wamalawi. Lugha yenye historia hiyo yapaswa kuwa na adabu.

Hata methali twazifundisha bila ya kuzipima. "Samaki mmoja akioza, wote huoza." Twaiandika ubaoni, twataka maana yake, twatoa alama. Kisha kijana mmoja wa kambini akishikwa mjini na mali ya wizi, husikika sokoni methali hiyo hiyo, nayo huwa ndiyo hukumu ya watu 50,000. Methali hiyo yatufaa kwa samaki. Kwa binadamu tunayo nyingine, nayo ni ya kweli zaidi: vidole vya mkono havilingani. Mwalimu afundishaye ya kwanza bila ya kuitaja ya pili amefundisha nusu ya hekima, na nusu ya hekima aghalabu ni ujinga mtimilifu.

Wako watakaotujibu: "Maneno hayavunji mfupa. Mtoto akiwa na bidii atafaulu, aitwe aitwavyo." Jibu letu ni kwamba jambo hili limepimwa. Katika miaka ya 1940 huko Marekani, Kenneth na Mamie Clark, mume na mke, waliwaonyesha watoto weusi wadogo wanasesere, weupe na weusi. Watoto walio wengi walimchagua mweupe kuwa ndiye mzuri, na baadhi yao walihuzunika walipoulizwa ni yupi afananaye nao. Mahakama Kuu ya nchi ile iliutaja utafiti wao mwaka 1954, ilipoamua kwamba kuwatenga watoto shuleni kwa rangi ni kinyume cha katiba. Mwaka 1995 Claude Steele na Joshua Aronson walionyesha kwamba wanafunzi weusi wa chuo kikuu walifanya vibaya zaidi mtihani ulipotangazwa kuwa kipimo cha akili kuliko ulipotangazwa kuwa zoezi tu. Wataalamu wa baadaye wamebishana juu ya ukubwa wa athari hiyo, na ni haki yao kubishana. Lakini mwalimu yeyote aliyesimama darasani anaijua hofu yenyewe: mtoto aliyeogopa kuthibitisha lile linalosemwa juu ya watu wake hunyamaza, na akinyamaza huandikwa kuwa mjinga, na jina likathibitika.

Nasi tumeyaona mambo hayo bila ya kipimo. Katika minibasi itokayo Dowa kwenda mjini tumewasikia vijana wetu wakizungumza Kiswahili kwa vicheko. Wakaribiapo Kanengo, sauti hushuka. Wafikapo mjini wamenyamaza kabisa, au wamekigeukia Kichewa cha kubabaisha. Simu ya mama ikilia kutoka kambini, kijana huikata. Hamchukii mama yake. Anailinda nafsi yake isije ikatambulikana kwa lugha ya mama yake. Nasi tuseme ukweli: mtu anayelazimika kumkatia mama simu ili aonekane mtu, kuna kitu amenyang'anywa, na kitu hicho hakirudishwi kwa mgao wa chakula.

Wako pia watakaosema: "Mkimbizi ni neno la sheria, nalo humlinda mtu." Ni kweli, wala hatutaki lifutwe. Katika ofisi na katika hati, neno hilo hufungua mlango. Mtu asirudishwe aliko adui yake. Liache lifanye kazi yake huko. Twasema tu kwamba hati ina mahali pake, na darasa lina mahali pake. Mgonjwa ana kadi ya hospitali, lakini hatumwiti "Mgonjwa" siku ya harusi yake.

Na wako wenye nia njema ambao huligeuza bamba upande wa sifa: "Wakimbizi wote wana vipaji! Wakimbizi wote ni mashujaa!" Hawa pia twawaomba wapunguze. Mtoto asiye na kipaji cha ngoma wala cha kuchora anayo haki ya kuheshimiwa. Tamasha la Tumaini, lililoanzishwa hapo Dzaleka mwaka 2014 na mshairi wa Kikongo Trésor Nzengu Mpauni, aitwaye Menes la Plume, limewaleta Wamalawi kwa maelfu ndani ya kambi. Sisi twaona kwamba faida yake kubwa haikuwa kuwatangaza wakimbizi kuwa ni hodari. Faida yake ni kwamba mtu wa Lilongwe aliketi nyumbani mwa mtu wa Dzaleka, akala chakula chake, akarudi mjini akimjua mtu mmoja kwa jina. Bamba haliwezi kumpiga chapa mtu ambaye unalijua jina la mtoto wake.

Asije mtu akadhani kwamba tunakuza jambo dogo. Mwaka 1994, mwaka ule ule ambao Dzaleka ilifunguliwa, redio moja ya Rwanda ilikuwa ikiwaita majirani wa watu "mende". Panga zilikuja baada ya neno. Mwezi Desemba 2003 mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani watu watatu wa vyombo vya habari kwa uchochezi huo. Katika madarasa yetu wameketi bega kwa bega watoto wa waliokimbia siku zile, wa kila upande, pamoja na watoto wa vita vya Kongo ambavyo havijaisha. Nao wanayo majina yao ya kuitana, waliyoyatoa nyumbani. Mwalimu aliyesikia jina la namna hiyo likirushwa kutoka dawati moja hadi jingine, kisha akaendelea na somo la ngeli, amekwisha kuchagua upande.

Twapendekeza nini basi? Mambo machache, yasiyohitaji fedha. Mwanafunzi akisema "batoto", aambiwe: "Kwenu husemwa hivyo, na katika Kiswahili sanifu twaandika watoto, andika yote mawili." Jina la taifa lisitumiwe darasani kama tusi, hata kwa mzaha, hata na mwalimu. Mifano yetu ya sarufi isiwe kila siku "mkimbizi anaomba", "mkimbizi anapewa". Mtu wa Dzaleka awe pia mtenda katika sentensi: ashone, anunue, abishane, akatae. Methali ya samaki ifundishwe pamoja na ya vidole. Wanafunzi wa Kimalawi wajifunzao Kiswahili mjini wapewe nafasi ya kuwafundisha wenzao Kichewa, ili mwenye kubabaisha asiwe ni mmoja siku zote. Na insha ya "Mimi" itolewe tena.

Mwalimu tuliyemtaja hapo mwanzo aliitoa tena. Aliweka sharti moja tu: sentensi ya kwanza iwe na kitenzi ambacho mwandishi mwenyewe amekitenda. Msichana mmoja alikaa kimya muda mrefu, kisha akainua mkono akauliza: "Mwalimu, kumfundisha mdogo wangu kusoma, hicho nacho ni kitendo?" Akajibiwa kwamba ni kitendo, tena kikubwa. Akainama, akaandika.

Walimu wenzetu, tuyasome madaftari hayo upya. Na tukutanapo tena na sentensi ile ya zamani, isiyo na kosa la sarufi, tuwe na ujasiri wa kuandika pembeni kwa kalamu nyekundu: Nani aliyekimbia? Wewe ulifanya nini?